Mkono Chini ya Manyoya: Kabla Hujamfuga Paka Mkubwa wa Manyoya Marefu

Kila mgeni anayebisha hodi kwangu humwona Sufi kabla ya kuniona mimi. Ni paka dume wa aina ya Maine Coon mwenye uzito wa kilo 8 na nusu, manyoya ya shingoni yamemzunguka kama simba mchanga, na mkia wake, anapouinua, ungeweza kufutia tandabui za darini. Nilimpa jina hilo alipokuwa mdogo kwa sababu alikuwa laini kama sufi inayojazwa kwenye mito. Mgeni humpapasa, humsifu, kisha huniuliza atampata wapi wa kwake. Nami, kabla ya kumjibu, humuuliza ana dakika ngapi za kumchana paka kila siku, na kama yuko tayari kuendelea hivyo kwa miaka 12 hadi 15. Usione vyaelea, vimeundwa, na sehemu kubwa ya uundaji wa Sufi niliijua kwa kukosea.

Paka wa namna hii si wa aina moja. Maine Coon asili yake ni jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako tangu mwaka 1985 ndiye paka rasmi wa jimbo. Paka wa msituni wa Norwei na paka wa Siberia ni wa nchi za baridi kali, na maumbile yao yanaonyesha hivyo, kwa kuwa hata kati ya vidole vya miguu wana vishungi vya manyoya. Ragdoll, ambaye alianza kuzalishwa California katika miaka ya 1960, ni mpole zaidi na manyoya yake ya ndani ni machache. Wanachofanana wote ni kwamba hukua polepole: paka wa kawaida hukamilika akikaribia mwaka mmoja na kuishia kilo 4 au 5, ilhali dume wa Maine Coon huendelea kujaza mwili hadi mwaka wa tatu, pengine wa tano, na kufika kilo 6 hadi 9. Kwa hiyo kila utakachomnunulia akiwa mtoto, kuanzia kikapu cha kusafiria hadi nguzo ya kunolea kucha, kitakuwa kidogo baada ya miezi michache. Nguzo ya kwanza ya Sufi ilimwangukia siku aliposimama kwa miguu ya nyuma na kuivuta, na ikanichukua wiki kadhaa kumshawishi aikaribie nyingine, ambayo niliichagua ndefu kuliko yeye akijinyoosha na yenye kitako kizito.

Lakini shughuli yenyewe ni manyoya. Paka huyu amevaa nguo mbili. Ya nje ni ya nywele ndefu na imara zinazosukuma maji mbali na mwili, na ya ndani ni ya vinyoya laini vinavyohifadhi joto. Vile vya ndani vinapokufa na kunyonyoka, hasa majira yanapobadilika, havianguki sakafuni kama vya paka wa manyoya mafupi, bali hunaswa na nywele ndefu, vikajisokota na kushikana hadi vikawa kitu kama kipande cha blanketi. Mahali pabaya zaidi ni pale ngozi inaposuguana: kwapani, nyuma ya masikio, tumboni, kwenye kinena, na katika yale manyoya ya mapaja yanayoonekana kama suruali pana. Mgongoni, ambako kila mtu hupenda kupapasa, ni mara chache sana kukuta fundo.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Mwaka wa kwanza nilikuwa na brashi nzuri ya meno laini, nikimpitisha Sufi kuanzia kichwani hadi mkiani kila jioni, naye akikoroma kwa raha, na manyoya yaking'aa hata nikawa najisifu. Brashi ile ilikuwa ikilainisha juu tu. Siku moja nilimnyanyua kwa kumshika chini ya mikono, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nikapapasa kwapa la kulia na kukuta fundo gumu la ukubwa wa kidole gumba, limeshikamana na ngozi, na kila hatua aliyopiga lilikuwa likimvuta. Nikaona aibu, na kwa haraka ya kuificha aibu hiyo nikachukua mkasi.

Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika sana. Fundo linapokaza huinua ngozi ikasimama kama hema dogo ndani ya manyoya, na kwa macho huwezi kutofautisha wapi manyoya yameishia na wapi ngozi imeanza. Nilikata mara mbili salama, mara ya tatu nikamkata yeye. Damu ilikuwa kidogo, jeraha halikuzidi urefu wa ukucha, lakini lilikuwa wazi kama mdomo, na tuliishia kwa daktari wa mifugo, akapewa dawa ya usingizi na kushonwa nyuzi tatu. Daktari hakunigombeza. Alimgeuza chali akiwa bado amelala, akanishika mkono na kuupitisha mahali pote ambapo sikuwahi kuugusa mwili wa paka wangu, na tukapata mafundo mengine manne, ambayo aliyanyoa kwa mashine. Tangu siku hiyo mkasi haukaribii manyoya ya Sufi. Fundo lisilofunguka kwa vidole hunyolewa kwa mashine, na kama limefika kwenye ngozi, hunyolewa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Kinachofaa ni kitana cha chuma, kimoja chenye meno ya kuachana na kingine chenye meno ya karibu. Brashi ni ya kumalizia. Yatenganishe manyoya kwa mkono mmoja hadi uone ngozi, chana kafungu hako kuanzia shinani hadi nchani, kisha nenda kwenye kafungu kanakofuata. Ukikuta kifundo kidogo, kishike shina lake kwa vidole ili mvuto usifike kwenye ngozi, kisha kifungue kuanzia nchani ukirudi ndani, kama anavyofumuliwa mtoto nywele. Usimwogeshe paka mwenye mafundo ukidhani maji yatayalainisha. Maji huyakaza, na yakikauka yanakuwa magumu maradufu. Mimi humchana Sufi dakika kumi kila siku wakati wa kunyonyoka, na siku tatu au nne kwa wiki nyakati nyingine. Ukimpata akiwa mtoto, anza siku hiyohiyo kwa dakika mbili, umguse tumbo na makwapa ilhali hakuna fundo lolote, na umwachie kabla hajachoka, kwa maana paka aliyejifunza kwamba kitana kinauma atakukumbusha kwa kucha. Na wanaomnyoa paka mwili mzima ili wapumzike na kazi, bila sababu ya kitabibu, sikubaliani nao, kwa kuwa manyoya hayohayo ndiyo humkinga pia na jua.

Lakini lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba manyoya hayo huficha mwili. Paka wa manyoya mafupi akikonda, utaona nyonga zimetokeza, ila huyu anaweza kupungua na bado akaonekana mnene na mwenye fahari. Sufi alipokuwa na miaka sita alipungua karibu kilo nzima kwa sababu ya jino bovu lililomzuia kula vizuri, nami niliyelala naye chumba kimoja sikuona lolote. Aliyenishtua ni ndugu yangu aliyempakata baada ya miezi mitatu na kusema amekuwa mwepesi. Tangu hapo humpima kila mwezi. Nasimama kwenye mizani nimempakata, nasimama peke yangu, natoa, na naandika. Vilevile napitisha vidole mbavuni. Mbavu zinapaswa kuhisika kwa kugusa kidogo tu. Ukizitafuta bila kuzipata, amenenepa kupita kiasi, na paka mkubwa aliyenenepa huumiza nyonga na magoti yake, jambo zito kwa Maine Coon ambao tayari wana tabia ya kupata matatizo ya kiungo cha nyonga.

Moyo nao uulizie kabla hujalipa chochote. Maine Coon na Ragdoll hurithi ugonjwa unaonenepesha kuta za moyo hadi nafasi ya damu ikapungua. Mwaka 2005 watafiti walitangaza badiliko katika jeni iitwayo MYBPC3 ambalo linahusika kwa Maine Coon, na baadaye badiliko jingine katika jeni hiyohiyo likapatikana kwa Ragdoll. Mfugaji wa kweli atakuonyesha majibu ya kipimo hicho kwa wazazi wote wawili, pamoja na vipimo vya moyo vya mashine ya mawimbi ya sauti, kwa sababu kipimo cha jeni kikiwa safi hakimaanishi kwamba paka hawezi kuugua. Mfugaji atakayekasirika kwa kuulizwa, au atakayetaka kukupa mtoto ambaye hajatimiza wiki 12 na mama yake, muage kwa heshima uondoke. Nyumbani, jizoeze kuhesabu pumzi za paka akiwa usingizini: kifua kikipanda na kushuka mara zaidi ya 30 kwa dakika, siku baada ya siku, mweleze daktari. Akipumua kwa kuachama mdomo bila kuwa ametoka kucheza, au miguu ya nyuma ikilegea ghafla huku akilia, usingoje kesho.

Choo ni habari ya vipimo tu. Masanduku mengi yanayouzwa ni mafupi kwa paka hawa. Lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake ndilo linalomfaa, na mimi nililitengeneza kutokana na chombo kikubwa cha plastiki cha kuhifadhia nguo, nikakata upande mmoja awe na mlango. Kinyesi kikilainika hunasa kwenye ile suruali ya mapaja, kwa hiyo manyoya ya chini ya mkia hupunguzwa kwa mashine, na kuhara mara moja kunatosha kukufundisha kwa nini. Jambo la hatari hapa linawahusu zaidi madume: akiingia na kutoka sandukuni akijikamua bila mkojo, njia inaweza kuwa imeziba, na saa chache ndizo zinazoamua uhai wake.

Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea kooni, hivyo kila anaporamba mwili humeza manyoya, asiweze kuyatema. Kutapika bonge la manyoya mara mojamoja si ajabu, na kitana ndicho kinga kubwa kuliko dawa yoyote ya tyubu niliyowahi kununua. Akijaribu kutapika mara nyingi bila kutoa kitu, akaacha kula na kukosa choo, hilo si la kusubiria nyumbani.

Kuhusu mzio, usimchukue paka huyu wala yule kwa kuambiwa kwamba manyoya yake hayadhuru. Kinachowasumbua watu wengi ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo hata paka asiye na manyoya anayo. Kaa na paka mwenyewe mara kadhaa, ndani ya chumba kilichofungwa, kabla ya kuamua. Na unapopanga safari, panga pia nani atakayemchana, kwa kuwa kumwekea chakula na maji hakutoshi. Nilimwacha siku kumi kwa rafiki mwenye moyo mwema aliyeogopa kumgusa tumbo, na nilirudi kwenye mafundo sita.

Sasa Sufi ana miaka 11. Viungo vimekakamaa, ulimi haufiki tena kiunoni wala kwenye shina la mkia, na mahali ambapo zamani alijisafisha mwenyewe sasa ni pangu, asubuhi na jioni. Akisikia kitana kikigonga meza huja bila kuitwa, hulala kwa ubavu wa kulia ili nianze na kwapa la kushoto, na lile la kulia lenye kovu hunipa mwisho, akiwa amegeuza kichwa kuutazama mkono wangu hadi nimalize.