Dereva wa masafa marefu anapokaa nyumbani kwa kukosa mzigo: swala, swaumu ya kulipa na haki za ahali yake

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni dereva wa semi trela, naishi Mbagala, Dar es Salaam, na mizigo yangu ni ya Zambia na Kongo. Napita mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa hadi Kolwezi. Huu ni mwezi wa tatu gari limelala yadi kwa kuwa mizigo ni haba. Mshahara ninapata, lakini ni mdogo, na posho ya safari, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha nyumba, imekatika. Mke wangu anauza maandazi na chapati asubuhi, na siku hizi fedha yake ndiyo inayonunua unga. Nikikaa nyumbani najiona nimezidi: mtoto akitaka ruhusa ya kwenda kucheza ananipita mlangoni nilipokaa, anaingia uani kumwomba mama yake. Kwa hiyo kila siku natoka alfajiri kwenda yadi na narudi baada ya isha. Mke wangu ananung'unika kwamba hata nikiwa Dar bado niko Kongo. Mwenzangu mmoja naye ameniambia kwamba nuksi hii ya kukosa mzigo inatoka kwa mke, nitafute wa kunitazamia.

Naomba kujua: je, napata dhambi kwa kushinda yadi? Nafaka, yaani matumizi ya mke na watoto, bado iko juu yangu? Nina deni la Ramadhani mbili nilizokula nikiwa njiani, nifanyeje? Na kwa kuwa tajiri anaweza kupiga simu saa yoyote, nimeendelea kupunguza na kukusanya swala kama nilivyozoea safarini. Je, ni sahihi?

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake.

Ndugu muulizaji, maswali yako yote yana shina moja. Safari ilikuwa imekupa udhuru katika mambo mengi, nao ulikuwa udhuru wa haki, kwani sheria yenyewe ndiyo iliyokupa. Sasa safari imesimama, na udhuru umeondoka pamoja nayo, wakati wewe bado unaishi kama mtu aliye njiani. Majibu haya yanafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani yetu, na kauli nyingine tutaitaja pale inapohitajika.

Tunaanza na swala, ingawa umeiweka mwisho, kwa sababu haingoji. Msafiri akiingia katika mji anaoishi, safari yake imekatika papo hapo, hata akiwa na nia ya kuondoka tena kesho yake, na kwa hiyo kungoja simu ya tajiri hakukufanyi kuwa msafiri. Hata siku ile ambapo umekwisha pakia bandarini na unangoja nyaraka, ungali mkazi mpaka utoke nje ya majengo ya mji. Tunavyoona, kinachowachanganya madereva wengi ni hukumu ya anayengoja ugenini. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, ambaye kila kukicha anataraji kuvuka, anaruhusiwa kupunguza hadi siku 18. Na anayejua tangu mwanzo kwamba atakaa mahali siku 4 kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hutimiza swala tangu anapofika. Hukumu hiyo ya kungoja ni ya ugenini na haihamii Mbagala.

Kwa hiyo adhuhuri, alasiri na isha ulizoziswali rakaa mbili mbili ukiwa nyumbani hazikusihi, na itakubidi uzilipe kila moja rakaa nne. Maghribi na alfajiri hazipunguzwi, kwa hiyo hizo zimebaki salama, isipokuwa umwombe Allah msamaha kwa zile maghribi ulizozichelewesha hadi wakati wa isha. Ikiwa ulifanya hayo kwa kutojua, tunataraji kwamba dhambi imeondoka, lakini deni halikuondoka. Kadiria idadi mpaka moyo wako uridhike kwamba hukupunguza, kisha lipa kadiri uwezavyo kila siku, na muda unao. Kumbuka pia kwamba swala ya Ijumaa, ambayo njiani hukuwajibikiwa, sasa ni faradhi juu yako.

Ama swaumu, Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 185, kwamba aliye mgonjwa au safarini atimize hesabu katika siku nyingine. Dereva ambaye mwaka mzima hakupata nafasi ya kutulia, akawa anashusha mzigo na kupakia mwingine, udhuru wake uliendelea, na Ramadhani ya pili ikimkuta na deni la kwanza halipi ila siku zile zile. Lakini ikiwa kati ya safari na safari ulikuwa ukikaa nyumbani siku mbili tatu ukiwa mzima wa afya, basi kwa Mashafii siku hizo zinahesabiwa kuwa ni nafasi uliyoipata ukaiacha, na kwa idadi yake unatoa fidia pamoja na kufunga, nayo ni mudi moja ya chakula cha watu wa mji, takriban robo tatu ya kilo ya mchele, kwa kila siku, apewe masikini. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wao hawaoni fidia katika kuchelewa; wanasema aya imetaja siku nyingine tu. Kwa aliyebanwa kama wewe, hakuna ubaya kuanza na funga yenyewe na kuiacha fidia mpaka mkono ukunjuke.

Jambo lisilo na shaka ni kwamba miezi hii mitatu imeingia katika hesabu. Anza kufunga sasa. Si lazima ufululize siku; ukichagua Jumatatu na Alhamisi ni sawa, ila kwa deni la Ramadhani mbili hizo peke yake zitakuchukua zaidi ya nusu mwaka, na mzigo unaweza kupatikana kabla. Ukiitwa siku ambayo umeamka na funga, nawe ukatoka mjini baada ya alfajiri, kwa Mashafii safari hiyo haikuhalalishii kufungua, kwa kuwa siku ilianza ukiwa mkazi. Hata hivyo, ukihisi kwamba njaa au usingizi unakuondolea umakini, na mbele yako kuna mlima Kitonga na gari limebeba tani kadhaa za salfa, hapo unafungua, na ni wajibu ufungue. Hilo ni kwa ajili ya kulinda roho, yako na za watu walio kwenye mabasi unayopishana nayo, na siku hiyo utailipa. Siku zitakazobaki ziandike mahali ambapo mke wako anapajua, kwani imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba anayekufa akiwa na deni la swaumu atafungiwa na walii wake, yaani ndugu yake wa karibu, na walii hawezi kufunga deni asilolijua.

Kuhusu nafaka, jibu ni kwamba haikuanguka, ila kiwango chake kimeshuka. Allah amesema katika Suratu Talaq, aya ya 7, kwamba mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa katika riziki atoe katika kile alichopewa. Wanazuoni wa Kishafii waliyaweka hayo katika vipimo: mudi mbili za chakula kwa siku kwa mume mwenye nafasi, moja na nusu kwa wa kati na kati, na moja kwa mwenye dhiki, na kinachotazamwa ni hali ya mume. Maana yake, mke wako hana haki ya kukudai leo maisha ya siku za posho, nawe huna haki ya kumwambia kwamba hakuna posho basi hakuna nafaka. Mshahara huo mdogo unaanzia kwake na kwa watoto kabla ya kuanzia kwako. Tunalisema hili kwa kuwa tunajua jinsi fedha ya dereva inavyoyeyuka yadini kwa soda, sigara na vocha.

Fedha ya maandazi ni mali yake. Ndoa haikukupa hisa ndani yake. Akinunua unga kwa ridhaa yake, hiyo ni hisani, na ina cheo kikubwa: Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alipouliza kama sadaka yake itamtosha akiitoa kwa mumewe na mayatima anaowalea, Mtume (s.a.w.) alijibu kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Lakini ridhaa haitokani na ukimya. Mwanamke anayeona sufuria tupu na watoto wanalia atatoa fedha, apende asipende. Muulize waziwazi: je, hiki ni zawadi au ni mkopo? Akisema ni mkopo, au akisema hakusamehe chakula chake cha siku ambazo hukumpa, basi kwa Mashafii nafaka ya mke ni deni lisilofutika kwa kupita muda, na utalilipa posho itakaporudi. Wanandoa wengi wanaona haya kuzungumza hivyo, lakini ugomvi wa fedha iliyokaliwa kimya tumeusuluhisha mara nyingi kuliko ugomvi wa fedha iliyoandikwa.

Huyo aliyekuambia habari ya nuksi amekutakia shari, hata kama hakukusudia. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba hakuna mkosi wa kuagulia, na hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Tena sababu za yadi kujaa magari zinajulikana na kila anayefuatilia barabara ile. Mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kusafirisha madini ya kobalti nje ya nchi, na Oktoba mwaka huo huo ikairuhusu kwa kiwango maalumu kwa kila kampuni. Nchi hiyo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Meli zikipungua bandarini, au wenye migodi wakipunguza kuagiza salfa na mafuta, gari la Mbagala linalala. Mke aliyekuwa jikoni anakanda unga saa kumi za usiku hahusiki na lolote kati ya hayo. Usiende kutazamiwa. Kwenda kwa mpiga ramli ni haramu, na atakutoza fedha ambayo ni ya unga.

Sasa tuje kwenye kushinda yadi, ambalo ndilo lililokufanya uandike. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) alisema kuwa safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, na kwamba anayemaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa ahali yake. Wewe umerejea mjini ila hukurejea kwa ahali. Umar bin Al-Khattab (r.a.), alipotaka kujua mwanamke anaweza kumsubiri mumewe muda gani, alimuuliza binti yake Hafsa, naye akamjibu miezi minne, na katika riwaya nyingine sita, na kwa hilo Umar akaweka ukomo wa askari kukaa vitani. Hesabu yake haikuwa ya kufika mjini tu. Mume anayetoka kabla watoto hawajaamka na kurudi baada ya kulala, kwao bado yuko nje.

Hatusemi kwamba kwenda yadi ni haramu. Ikiwa huko anayeonekana ndiye anayepewa mzigo wa kwanza, au kuna betri ya kuchaji na matairi ya kukagua, hiyo ni njia ya kutafuta riziki, nenda. Lakini hayo yanakwisha asubuhi. Kuanzia adhuhuri hadi isha kinachobaki ni drafti ya vifuniko vya soda chini ya mti na habari za nani amegongwa wapi, na kwa saa hizo hatuoni kwamba unao udhuru mbele ya mke anayekuhitaji. Simu ya tajiri inalia hata ukiwa uani kwako. Ukiziacha haki zao kwa kukusudia, ndiyo, kuna dhambi, kwani Mtume (s.a.w.) aliikubali kauli ya Salman kwa Abu Dardaa kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki na ahali yako ina haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Nafsi imetajwa humo pia: ukirudi kutoka Kolwezi ukalala siku mbili mfululizo, mke asikulaumu.

Tunaelewa kwamba kinachokutoa nyumbani si uvivu. Ni uzito wa kukaa mahali ambapo kila kitu kinakwenda bila wewe. Mke wako alilazimika kuipanga nyumba hivyo, la sivyo isingesimama. Usirudi ukaipindua kwa amri. Qur'ani, katika Suratul Baqara, aya ya 233, imetaka wazazi waridhiane na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa, basi vipi kuhusu nani atoe ruhusa ya kwenda kucheza? Ongea na mke wako faraghani, na mtoto akimwendea, yeye mwenyewe amwambie: nenda kamuulize baba. Nawe, akija, usimjibu kwa ukali ili kuonyesha kwamba upo. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Kuna ndoo za maji za kuchotwa kabla ya maandazi kuanza kukaangwa, kuna mtoto wa kupelekwa madrasa na kusikilizwa juzuu yake jioni, na hayo yote hayahitaji posho. Yadi utaifikia saa mbili, na magari utayakuta.

Wallahu aalam.