Mwanafunzi anaandika "ana soma": nimsahihisheje?

SWALI: Nafundisha Darasa la Tatu. Wanafunzi wangu wanasoma vizuri, lakini kwenye daftari wanaandika "ana soma", "tume fika", "ni taenda". Niliwaambia waunganishe, na sasa wengine wanaandika "anakitabu". Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, huyo wa "anakitabu" amekusikiliza vizuri sana. Umemwambia aunganishe, naye ameunganisha kila alipokutana na "ana". Kwa hiyo usimhesabie uzembe. Kinachomchanganya ni kwamba Kiswahili kina vipande vyenye sura moja ambavyo mahali pengine husimama peke yake na mahali pengine hukaa ndani ya neno.

Tazama "ni". Katika "Mimi ni mwanafunzi" ni kitenzi kishirikishi, kinajitegemea. Katika "nitaenda" ni kiambishi cha nafsi, hakiwezi kukaa nje ya kitenzi. "Si" nayo iko hivyohivyo: "Yeye si mgeni", lakini "sijui".

Ukianza kuwaeleza viambishi watoto wa umri huo utawapoteza. Wape kipimo wanachoweza kukifanya wenyewe: wabadilishe wakati. Andika ubaoni "Asha anasoma", uwaulize, jana je? "Alisoma." Kesho? "Atasoma." Kilichobadilika ni kipande cha katikati, neno likabaki moja. Kisha andika "Asha ana kitabu". Jana? "Alikuwa na kitabu." Kesho? "Atakuwa na kitabu." Hapo watoto wataiona "na" imesimama yenyewe, na kitabu hakijaguswa. Mimi ningekaa hapo wiki nzima kabla ya kushika kalamu nyekundu, kwa sababu mtoto akishakijua kipimo hiki hahitaji tena kukuuliza.

Sikio nalo lisaidie. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "wanatuandikia" kwa mwendo wa kawaida: mkazo ni mmoja tu, kwenye "ki". Hilo ni neno moja, hata likiwa refu namna gani.

Sasa niseme jambo ambalo naona ndilo chanzo kikubwa, nalo liko kwetu walimu. Tunaposoma imla tunakatakata maneno ili watoto watufuate: "tume... fika". Mtoto anasikia pengo, analiandika. Soma sentensi nzima kwanza, kisha irudie neno kwa neno, na kitenzi ukitamke bila kupumua katikati, hata kama itabidi ukirudie mara tatu.

Kutenganisha si jambo la ajabu lenyewe. Setswana, lugha ya kusini mwa Afrika iliyo ndugu ya Kiswahili, huandika "ke a go rata" pale sisi tunapoandika "ninakupenda". Ni utaratibu wa maandishi tu, na wetu ni wa kuunganisha. Mtoto hazaliwi akiujua.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo utalikuta kwenye madaftari hayohayo: "kwasababu", "kwahiyo", "kwanini". Kwa maandishi sanifu yote hayo ni maneno mawili mawili. Kipimo cha wakati hakifanyi kazi hapa. Yabandike ukutani yaonekane kila siku, na uyaingize kwenye imla.