Jibu la msomaji: Gharama iko barabarani, haiko mlimani

Swali la wiki hii limeuliza: mtu anayeishi Nairobi, mshahara wake ukiishia kwenye kodi na unga, anawezaje kutoka mjini akapanda vilima na kutembea misituni bila kuingia deni?

Anaweza, tena mara kwa mara. Kiingilio si ndicho kinachomaliza pesa za wengi. Kinachozimaliza ni nauli isiyopangwa, vifaa vinavyonunuliwa kabla ya kuhitajika, na makosa yanayomlazimu mtu kukodi gari la dharura usiku. Kwa hiyo pesa kidogo ulizo nazo zipeleke kwanza kwenye viatu, maji na nauli ya kurudi. Hema, fimbo za kutembelea na mabegi ya bei vinaweza kungoja mwaka mzima.

Nianze na viatu, kwa kuwa hapo ndipo watu huumia zaidi. Masoko ya Gikomba na Toi yana viatu vya mlimani vya mitumba vilivyo imara kuliko vingi vipya vya dukani, lakini usidanganywe na kung'aa. Soli ya kiatu cha mlimani ina tabaka mbili: chini raba ngumu inayogusa ardhi, na juu yake povu zito la kupunguza kishindo. Mara nyingi povu hilo ni la poliurethani, na unyevunyevu wa hewa hulivunja polepole hata kiatu kikiwa kabatini miaka kumi bila kuvaliwa. Ndiyo maana kiatu kinachoonekana kipya kabisa huweza kuachia soli baada ya kilomita mbili tu. Kipime hivi: bonyeza povu ubavuni kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi taratibu kama mpira, ni zima. Likibaki na alama, likitoa ungaunga au likionyesha nyufa ndogo kama za tope lililokauka, kirudishe mezani hata kama muuzaji anakiachia kwa bei ya kutupa. Kisha kikunje kwa nguvu pale vidole vinapokaa, utazame kama mstari wa gundi unafunguka.

Soli iliyoachia gundi tu, povu likiwa zima, hutengenezeka: fundi wa viatu ataipaka gundi na kuishona kuzunguka pembeni, nayo itakaa. Povu lililooza halishoneki, maana gundi inashika unga.

Kijaribu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene utakazovaa siku yenyewe. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Kikibana hapo, kucha zitakuwa nyeusi kwenye mteremko, kwa sababu unaposhuka mguu mzima huteleza mbele kila hatua. Baada ya kununua, vivae kwenda kazini wiki nzima kabla ya kuvipeleka kilimani.

Nguo ni rahisi. Fulana ya pamba hunyonya jasho na kukaa nayo, na upepo wa kileleni ukiipiga unatetemeka hata jua likiwaka. Jezi ya mpira ya mitumba hukauka upesi, nayo inatosha. Ongeza sweta moja, koti la mvua na kofia. Ubaridi usikudanganye: jua la juu kule huchoma ngozi hata usipolihisi.

Sasa mahali pa kwenda. Kwa anayeanza, Karura. Panda matatu za Ruaka zinazopita Limuru Road, ushuke langoni. Msitu una njia za zaidi ya kilomita 50, na makutano yake yana namba. Piga picha ramani ya langoni kwa simu, na ukipotea tafuta namba iliyo karibu. Ndani kuna maporomoko ya maji na mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Msitu huu upo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya wanyakuzi wa ardhi miaka ya tisini wakapigwa. Haifai kuutembelea ukaacha takataka. Chakula kiliwe sehemu zilizotengwa, maana kima wanajua sauti ya mfuko unaofunguliwa.

Ukishatembea Karura kilomita 12 bila malengelenge, nenda vilima vya Ngong. Matatu namba 111 hukufikisha Ngong mjini, na boda boda hukuinua hadi lango la msitu. Njia nzuri zaidi ni kuvuka vilele vyote hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, takriban kilomita 10 hadi 11. Namba hiyo husikika ndogo kwa mtu aliyezoea tambarare. Kila kilele hukupandisha na kukushusha upya, kwa hiyo panga muda wa saa tano za kutembea ukiwa na watu wa kila aina. Upande mmoja unaiona Nairobi, upande wa pili Bonde la Ufa linaanguka chini yako.

Kosa la kawaida Ngong ni kuondoka mjini saa tano asubuhi. Utaanza kupanda saa saba, utafika Kona Baridi jioni, na matatu za kukurudisha Kiserian zitakuwa zimepungua. Hapo bei anaitaja mwenye gari. Anza kupanda saa mbili unusu asubuhi. Kosa la pili ni kwenda mmoja au wawili. Ukingo ule una sehemu za upweke na watu wamewahi kuporwa, basi nendeni kundi na muulize langoni kuhusu askari wa msitu wa kuwasindikiza, mkigawana gharama yake.

Mlima Longonot ni wa siku mguu umekomaa. Shuka Longonot kwenye njia ya chini ya Maai Mahiu. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Ukijumlisha na kushuka, ni karibu kilomita 13 na nusu, bila kivuli wala maji. Udongo ni vumbi la volkano, nao huteleza zaidi unaposhuka. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Beba maji lita tatu kila mtu, na mkishakunywa nusu kabla ya kumaliza nusu ya safari, geukeni.

Hell's Gate, karibu na Naivasha, inaruhusu baiskeli na miguu, jambo adimu kwa mbuga. Ukikodi baiskeli, izungushe kwanza kabla ya kulipa: breki zote mbili zishike, mnyororo usiruke, kiti kisizunguke. Korongo lake ni jambo jingine. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Mvua huweza kunyesha mbali huko juu, wewe ukiwa chini ya anga jeupe, na kuta za mwamba hazina pa kupandia. Wakati wa mvua, au ukiambiwa limefungwa, usibembeleze mtu.

Kabla ya kutoka nyumbani, lipia kiingilio kwa eCitizen (tovuti ya malipo ya serikali) penye kuhitajika hivyo, uhifadhi risiti kwenye simu, na ubebe kitambulisho cha taifa, maana ada ya mwananchi hupewa anayethibitisha. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa, ikiwemo ile chupa ya maji ya barabarani. Nunua chupa moja ngumu ya kujazwa tena. Itajilipa kwa safari chache tu.

Chakula kipikwe nyumbani: viazi vitamu au nduma vilivyochemshwa, mayai mawili, chapati, njugu karanga na ndizi. Chumvi ya mayai ni muhimu, maana jasho huondoka na chumvi, na maji matupu kwa wingi hayairudishi.

Kuhusu makundi: kukodi matatu ya abiria 14 huwa rahisi hadi watu wanapojitoa. Tuseme gari ni shilingi 14,000. Wakija wote ni 1,000 kila mtu, wakija tisa ni karibu 1,560. Kwa hiyo pesa zikusanywe siku tatu kabla, na anayejitoa baada ya hapo harudishiwi. Sema hivyo mapema, kwa upole, kabla mtu hajatuma hata shilingi. Asiyeweza kutoa kwa mkupuo aweke 50 kila siku ya kazi. Siku 22 ni 1,100. Nauli ya kurudi ikae peke yake, tena mara mbili ya nauli ya kawaida, kwa sababu mvua ikinyesha Jumapili jioni makanga hawana huruma.

Kulala nje kuje mwisho. Baridi nyingi hutoka ardhini, kwa hiyo godoro jembamba la sponji chini linafaa kuliko blanketi la tatu juu. Na nisisitize hili kwa nguvu zangu zote: jiko la makaa lisiingie hemani, hata likiwa limebakiza majivu mekundu tu. Gesi yake haina rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke.

Mkirudi, toa soksi, fungua kamba za viatu, vijaze magazeti na uviweke kivulini. Badilisha magazeti asubuhi. Ukivianika karibu na jiko, joto hulegeza gundi, na soli itaachia safari ijayo.