Taya la chini likivunjika: mambo ambayo faili lazima liyaseme

Katika kazi yangu ya kuweka misimbo ya magonjwa kwenye faili za wagonjwa huku Marekani, nimeona kwamba kuvunjika kwa taya la chini ni jeraha ambalo madaktari wengi huliandika kwa ufupi kupita kiasi. Daktari akiandika tu kwamba taya limevunjika, hutabaki na kingine ila S02.609A, msimbo usiotaja mahali wala upande, ilhali tangu Oktoba 2016 mfumo wa ICD-10-CM, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha inayotumika Marekani, hutenganisha kulia na kushoto kwa karibu kila sehemu ya mfupa huo. Kidevu, S02.66, hakina upande kwa kuwa kiko katikati.

Anayeanza kazi hii namshauri asome ripoti ya upasuaji na ya picha ya CT kabla hajagusa orodha ya misimbo. Taya la chini limepinda kama upinde, na pigo la upande mmoja mara nyingi huvunja na upande wa pili. Kwa hiyo ukiona pembe ya kushoto, yaani kona ya nyuma ya taya, imevunjika, angalia kama kimetajwa pia kichwa cha taya cha kulia, kile kinachocheza mbele ya sikio. Daktari akithibitisha yote mawili, kila mvunjiko hupata msimbo wake, S02.652 na S02.611. Picha ikionyesha mvunjiko ambao daktari anayemtibu mgonjwa hakuuandika popote, mwulize kwa maandishi, maana kutambua ugonjwa si kazi yetu.

Panapozuka ubishi zaidi ni kwenye mvunjiko wa wazi, yaani ule wenye jeraha linalofika nje. Mfupa ukivunjika mahali palipoota meno, ufa kwa kawaida hufika mdomoni kupitia tundu la jino, na wapasuaji wa taya huuhesabu kuwa wa wazi hata kama ngozi ya nje haina mkwaruzo. Sisi hatuna ruhusa ya kukisia hivyo: faili lisiposema, kanuni inatutaka tuuchukue kuwa mvunjiko uliofungika, na herufi ya saba, ile ya mwisho kwenye msimbo, iwe A ya uliofungika badala ya B ya wa wazi. Swali fupi kwa daktari, lisilomtilia jibu mdomoni, hutosha. Wala upasuaji wenyewe usikudanganye, kwa kuwa mvunjiko uliofungika waweza kupasuliwa na kuwekwa vyuma, ukalipiwa kwa msimbo wa CPT (orodha ya misimbo ya huduma anazotoa daktari) 21461, au 21462 ikiwa meno nayo yalifungwa kwa nyaya, na herufi ikabaki ile ile A.

Herufi hiyo, kinyume na wengi wanavyodhani, haihusu ziara ya kwanza pekee. Mgonjwa aliyepokelewa idara ya dharura, kisha akapasuliwa wiki iliyofuata na daktari mwingine, bado ni A kwa sababu tiba yenyewe ingali inaendelea. D huanza anaporudi ili mfupa uangaliwe unavyounga. Na ripoti isiposema kama meno yalifungwa, usiandike 21462 kwa mazoea. Irudishe kwa mpasuaji aikamilishe.