Mwanangu, sema tu kwamba unataka kwenda

*Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 23, nimeokoka, na nimemaliza chuo miezi minane iliyopita. Chuoni nilikuwa kiongozi wa maombi kwenye ushirika wetu wa wanafunzi. Tulikesha Ijumaa, tulitembelea wagonjwa, tukikosana tulipatana kabla ya ibada. Yaani nilijijua mimi ni nani. Sasa niko nyumbani, natuma maombi ya kazi yasiyojibiwa, na kanisani nakaa viti vya nyuma kama mgeni. Wenzangu wawili wameshachumbiwa. Kuna shirika la Kikristo limenikubali nikajitolee mwaka mmoja nchi nyingine, kwenye kituo cha watoto. Nauli na matumizi ni juu yangu, nina akiba inayotosha kwa kubana. Nilimwambia mchungaji Bwana amenionyesha niende, akasema nisubiri uthibitisho. Kusema kweli sijaonyeshwa kitu, ila milango yote imefunguka. Tatizo ni mama. Amenisomesha peke yake na anasema sasa ni zamu yangu. Nimefikiria nimwambie naenda kozi ya wiki mbili, nikishafika nitamweleza. Shangazi, huu ni wito au natoroka?*

*Mwenye Begi Tayari*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linarudi palepale. Mchungaji umemwambia Bwana amekuonyesha. Mimi, ambaye hata sura yangu huijui, umeniambia hujaonyeshwa kitu. Nashukuru kwa kuniamini, lakini umeupeleka ukweli kwa mtu asiyehusika.

Nikusimulie yangu. Nikiwa na umri kama wako nilisimama mbele ya kanisa nikatangaza kwamba Mungu ameniita kuhudumu mbali. Watu walishangilia, wakachanga, mzee mmoja akaniwekea mikono huku analia. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimechoka kulala chumba kimoja na wadogo zangu, na nilitamani kuona dunia. Mwezi wa pili mambo yakaharibika. Kazi niliyoahidiwa haikuwepo, nikaugua, pesa ikakata. Mtu mwingine angefunga mizigo akarudi kwao. Mimi sikuweza. Nikirudi, ama Mungu amesema uongo ama nimesema mimi, na sikuwa tayari watu wachague. Nikakaa miezi mitano zaidi, nikiandika nyumbani barua za ushuhuda huku nalala na njaa. Hakuna aliyenifungia. Nilijifungia mwenyewe kwa sentensi moja niliyoitamka madhabahuni.

Ndiyo maana nakuambia usimfanye Mungu mdhamini wa safari yako. Ukisema "Bwana amenionyesha" unamfunga mdomo kila mwenye swali la maana. Mchungaji wako atauliza nini tena? Hawezi kukuuliza nani atakulipia hospitali, wala watoto hao watalelewa na nani ukiondoka, maana atakuwa anabishana na Bwana. Kilichobaki kwake ni hicho alichokujibu: subiri uthibitisho. Rudi kwake wiki hii. Mwambie, "Mchungaji, nilisema nimeonyeshwa. Sikuonyeshwa. Ninataka kwenda, naomba tulichunguze jambo hili pamoja." Utaona aibu dakika tano, kisha mtaanza mazungumzo ya kweli.

Na kutaka siyo dhambi. Hili vijana wa ushirika wa chuo huwa hawaamini, sijui tunawafundisha nini. Mnadhani Mkristo hana ruhusa ya kupanda gari bila maono. Hebu fungua Matendo ya Mitume sura ya 15, mwishoni. Safari ile maarufu ya Paulo ilianzaje? Alimwambia Barnaba tu kwamba warudi wakawatazame ndugu katika miji waliyohubiri. Hakuna ndoto, hakuna malaika. Kilichofuata ni ugomvi kuhusu Marko, mpaka wakaachana njia. Sura ya 16 Paulo anazuiwa kuhubiri Asia, anajaribu Bithinia, anazuiwa tena. Ni huko Troa, akiwa ameshatembea sana, ndipo anamwona usiku yule mtu wa Makedonia. Sisi tunamhubiri mtu wa Makedonia tu, milango miwili iliyofungwa tunairuka.

Tukiwa kwenye milango: hiyo hoja yako ya milango kufunguka iache kabisa. Yona alipomkimbia Bwana alishuka Yafa akakuta merikebu inakwenda Tarshishi, nauli anayo, akalipa, akapanda, akalala usingizi mzito. Mambo yalimnyookea yule bwana kuliko hata yako.

Sasa swali lenyewe, wito au kutoroka. Mimi naona umechanganya vyote, kama sisi wengi. Lakini tazama ulivyoandika. Kuhusu hao watoto umeandika maneno matatu, "kituo cha watoto", basi. Kuhusu mikesha ya Ijumaa, wagonjwa na kupatana kabla ya ibada, kalamu yako ilipata uhai. Unachokililia ni ushirika ule. Na una haki ya kulia, maana hakuna anayemwandaa mtu kwa jambo hili. Chuo kinakupa ratiba, marafiki wa rika lako mlango wa pili, na cheo kidogo cha kiroho. Siku ya mahafali vyote vinachukuliwa kwa mpigo, unabaki na joho la kuazima. Kisha unaingia kanisa lenye watoto wanaolia, wazee wanaosinzia, na kamati ambayo haijui ulikuwa unaongoza maombi ya watu mia. Hilo ndilo kanisa, mwanangu. Kule chuoni mlikuwa na kipande chake kitamu.

Sisemi usiende. Nasema usiende kuutafuta ushirika wa chuo ndani ya ndege, hutaukuta. Kabla ya kusafiri, chukua kazi moja ndogo hapo kanisani kwako, ile isiyo na kipaza sauti. Panga viti. Mtembelee mama mmoja mgonjwa kila wiki. Kama huwezi kuvumilia kutojulikana miezi miwili nyumbani, utavumiliaje mwaka mzima mahali ambapo hata lugha yao huijui?

Tuje kwa mama. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe.

Mwaka 383 kijana mmoja mwalimu huko Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, alitaka kuhamia Roma. Mama yake, mjane aliyejinyima ili asome, alimfuata mpaka pwani akimng'ang'ania. Kijana akamwambia anamsindikiza tu rafiki anayesubiri upepo. Mama akaenda kuomba usiku kucha kwenye kanisa dogo karibu na bandari, na usiku huohuo mwanawe akatweka tanga. Asubuhi mama alibaki akililia ufukweni. Kijana huyo ni Augustino, yule mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, na mama ni Monika. Najua utaniambia yaliishia vizuri: mama alimfuata hadi Milano, mwana akabatizwa mwaka 387. Kweli. Lakini yeye mwenyewe, akiwa askofu, miaka mingi baadaye, aliuandika uongo ule kama mtu ambaye bado unamuuma. Alimdanganya mama, na mama wa namna ile. Monika alikufa mwaka huohuo wa ubatizo. Walibahatika kupatana mapema. Wewe hujui mama yako amebakiza miaka mingapi.

Kuna jambo jingine la kukukosesha usingizi. Marko sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliowaambia wazazi wao kwamba kile ambacho wangesaidiwa nacho ni Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Dini ikawa njia ya kukwepa zamu. Mama yako ametamka neno hilohilo, zamu. Si neno la kulijibu kwa mstari wa Biblia. Kaa naye, jioni ambayo hajachoka, umwonyeshe barua ya shirika na hesabu zako. Mwambie tarehe ya kurudi. Kama una deni la masomo, mwambie litalipwaje ukiwa mbali, na umwandikie mkopeshaji kabla hujaondoka. Mwambie utaleta nini nyumbani ukirudi na kuanzia lini, usimwahidi mbingu. Halafu nyamaza, umsikilize. Akikataa kabisa, uamuzi bado ni wako, una miaka 23. Lakini atakuwa amekataa jambo analolijua, na siku ukipiga simu umelazwa hospitali hatalazimika kwanza kuuliza, "Uko wapi?"

Shirika hilo nalo silijui, lakini neno "kituo cha watoto" limenifanya niweke kikombe chini. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja akizoea mgeni mwenye upendo kwa miezi michache, kisha mgeni akapanda ndege, anaachwa mara ya pili. Akija mwingine, mara ya tatu. Siyo maneno yangu peke yangu: mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na humo likazitaka nchi zizuie madhara yanayoletwa na safari za kujitolea kwenye vituo vya yatima. Wapo wenye vituo wanaowaweka watoto wenye wazazi wao hai, kwa sababu watoto ndio wanaovuta wafadhili na watu wenye moyo kama wako. Kwa hiyo waulize. Watoto hawa wana ndugu? Mnafanya nini kuwarudisha kwao? Mimi kazi yangu ni ipi hasa, niko na watoto au nawasaidia walezi wa kudumu? Na hili zingatia sana: kama hawajakudai cheti cha polisi cha tabia njema, wala hawajawapigia simu wadhamini wako, waache. Shirika ambalo halikuchunguzi wewe halimchunguzi yeyote anayeingia kwa watoto hao. Kuandika jina la Yesu langoni hakubadilishi hilo.

Omba pia uzungumze na mtu aliyewahi kujitolea pale akaondoka kabla ya muda wake. Waliomaliza watakupa ushuhuda. Aliyekatiza atakupa habari.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Usiingie kwa viza ya utalii huku unakwenda kujitolea, hata wakikuambia "wote hufanya hivyo". Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi ijapokuwa hulipwi, na hutaki kuanza huduma kwa kumdanganya afisa wa uhamiaji. Pasipoti iwe na muda zaidi ya miezi sita, na ikae mkononi mwako. Mtu yeyote akitaka kukutunzia, ondoka. Kama unakokwenda wanadai cheti cha homa ya manjano, kumbuka kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, basi usiende kuchanja siku ya safari. Bima iwe ya mwaka mzima, na isomeke wazi kwamba inagharamia kukurudisha nyumbani ukiugua vibaya. Nauli ya kurudi iweke pembeni, kwenye akaunti usiyoigusa, tangu siku ya kwanza. Kama akiba yako haitoshi nauli ya kurudi, basi haitoshi kwenda. Hilo sina mjadala nalo. Mimi nililala na njaa.

Ukifika, wiki za kwanza utapenda kila kitu. Kisha, karibu mwezi wa tatu, utaanza kuchukia hata namna wanavyofunga milango. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliieleza hali hii mwaka 1960: fungate kwanza, halafu hasira, na wageni kujikusanya kona moja kuwasema wenyeji. Ikikukuta, usiite mashambulizi ya shetani, wala usikate tiketi usiku huo. Kula, lala, umpigie mama. Hasira hiyo huwa inapungua polepole. Lakini ukiona watoto wanaumizwa, au wewe unaguswa na mtu asiye na haki, au pasipoti imefichwa, usingoje ipungue. Rudi. Kwa kuwa utakuwa umeshamwambia mchungaji kwamba hukuonyeshwa, utaweza kurudi bila kumwombea Bwana msamaha.

Hao wenzako waliochumbiwa sijawagusa, nadhani hata wewe uliwataja kwa kupitia tu. Kachangie harusi zao, kacheze.

Yakobo sura ya 4 anawasema watu waliopanga kwenda mji fulani kukaa mwaka mzima, kama wewe hivi. Hakuwaambia wasipange. Aliwataka waseme "Bwana akipenda". Naona sentensi hiyo inatosha pia kwa mchungaji wako: nataka kwenda, Bwana akipenda.

Anza na mama, lakini. Niandikie tena ukishazungumza naye, na unieleze kama ulimwambia pia juu ya ile kozi ya wiki mbili. Nina hakika atakucheka kwanza, kisha atakasirika.

Shangazi yako