Kampuni ilishafungwa, miaka mitatu imepita: je, mzee bado ana haki ya fidia?

SWALI: Baba yangu ana miaka 78. Alihamia Uingereza kutoka Unguja mwaka 1967, na hadi 1979 kazi yake ilikuwa kuvisha mabomba ya mvuke kwenye vituo vya kuzalisha umeme. Mwezi uliopita hospitali hapa Leicester wametuambia ana mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na vumbi la asbestosi, yale madini ya nyuzi waliyovishia mabomba kuzuia joto. Kampuni ilifungwa zamani. Jamaa mmoja anayeshughulikia madai anasema muda wa kudai ni miaka mitatu na umeshapita, ila yeye ana njia zake. Mzee mwenyewe anataka kurudi nyumbani. Je, ana haki yoyote?

JIBU: Pole sana, na mzee mpe salamu zangu.

Haki anayo. Huyo jamaa mwenye njia zake mfungieni mlango.

Hii habari ya miaka mitatu nimeisikia mpaka nimechoka. Sheria ya ukomo ya 1980 inahesabu miaka hiyo tangu siku mgonjwa alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ana maradhi makubwa na kwamba yametokana na kazi. Haihesabu tangu alipovuta vumbi, wala tangu alipoacha kazi. Mesothelioma hukaa kimya miaka 20, 30, hata 50. Kama hesabu ingeanzia kazini, nani angewahi kulipwa? Ya baba yako imeanza mwezi uliopita.

Na kampuni hufa, lakini bima yake haifi. Kuanzia 1 Januari 1972 karibu kila mwajiri hapa alilazimika kuwakatia wafanyakazi wake bima, na wengi walikuwa nayo hata kabla ya hapo. Tangu 2011 ipo ofisi maalumu ya kutafuta bima hizo za zamani. Tangu Agosti 2016, bima ikipatikana, unaishtaki kampuni ya bima moja kwa moja, bila kwanza kwenda mahakamani kuifufua kampuni iliyokufa. Ikikosekana kabisa, kuna mfuko wa Sheria ya Mesothelioma ya 2014, unaochangiwa na makampuni ya bima yenyewe, kwa wale ambao ugonjwa wao uligunduliwa kuanzia 25 Julai 2012. Kando ya hayo yote kuna posho ya serikali ya ulemavu wa kazini, ambayo haisubiri kesi. Mesothelioma huhesabiwa ulemavu wa asilimia 100. Aiombe wiki hii. Fidia ikija baadaye, posho aliyokwisha kulipwa itakatwa humo.

Mtaambiwa pia kwamba alifanya kazi kwa waajiri wanne, sasa nani atajua ni vumbi la nani lililomdhuru. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, ililimaliza hilo mwaka 2002 na Bunge likakaza 2006: mwajiri mmoja aliyezembea na kumwongezea hatari anaweza kudaiwa fidia nzima. Hata kama aliwahi kugusa asbestosi bandarini Unguja ujanani, haidhuru. Sigara nayo haisababishi mesothelioma. Kwenye saratani ya kawaida ya mapafu ndiyo inaweza kupunguza fidia. Kesi moja ya 2005 dhidi ya Wizara ya Ulinzi ilikatwa asilimia 20.

Kinachoangusha madai haya mara nyingi si sheria, ni ushahidi kuzikwa na mwenyewe. Mzee mmoja alinitolea kopo la biskuti lenye kadi ya chama cha wafanyakazi na karatasi nne za mshahara, akaanza kusimulia: unga wa asbestosi wanaumwaga kwenye pipa, wanatia maji, wanaukoroga kwa mikono kama unga wa maandazi, wanapaka bombani. Ukikauka, msumeno. Jioni mkewe anakung'uta ovaroli uani. Msimamizi alimtaja kwa jina, na kiwanda, na mwaka. Maelezo hayo tuliyaandika siku ileile, akasaini huku mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni. Alifariki baada ya wiki tano, na kesi ikasimama juu ya karatasi ile. Orodha ya waajiri huwa tunaiomba ofisi ya kodi, wana kumbukumbu tangu 1961, lakini ofisi ya kodi haijui nani alikoroga nini. (Na huyo mke aliyekung'uta nguo, akiugua, naye ana lake la kudai.)

Sasa hawa mawakala. Wanapita misikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp wakiwaambia wazee kila doa kwenye eksirei ni pesa. Uongo. Mabaka matupu kwenye utando wa pafu, yasiyomzuia mtu kupumua, hayalipwi fidia hapa England tangu uamuzi wa 2007; Scotland wana sheria yao ya 2009. Halafu kwa mwenye mesothelioma wanadai robo ya fidia. Makato hayo yalipowekwa kwa majeruhi wengine, kesi za mesothelioma ziliachwa nje. Wakili anayezijua kesi hizi atalipwa na upande wa pili, na mzee atachukua chake kizima. Yeyote akikuletea karatasi ya kusaini kabla hajauliza mzee alifanya kazi wapi, usisaini.

Wengine hata si mawakala. Nimemkuta muuza dawa akimnywesha mgonjwa habasoda na asali "iyeyushe asbestosi". Asbestosi ilipakwa kwenye matanuri kwa sababu haiungui. Itayeyushwa na asali? Asali na anywe, ni sunna, lakini yule mgonjwa aliahirisha kukatwa kinyama cha kupimwa maabara miezi mitatu, akafa hajapimwa.

Hapo ndipo familia zetu huumia zaidi. Kifo cha mesothelioma hapa lazima kipelekwe kwa korona, ofisa wa serikali anayechunguza vifo (si kile kirusi). Kama hakuna majibu ya maabara, anaweza kuamuru maiti ipasuliwe, na nyinyi mna sanda mkononi na kaburi limeshachimbwa. Majibu ya maabara na maelezo ya kazi yaliyosainiwa yakiwepo, mara nyingi huridhika navyo. Hata kumsafirisha marehemu nje ya nchi kunahitaji kibali chake.

Kuhusu kurudi Unguja, mzee ana haki ya kutaka kufia kwao. Ila ninalo faili la mtu aliyesafiri haraka, akafia kijijini, cheti cha kifo kikaandikwa "maradhi ya kifua". Mjane wake ananipigia kila mwezi, na sina cha kuionyesha kampuni ya bima. Muulizeni daktari kama kinyama kilikatwa na majibu yako wapi, mleteni mzee au nitakuja mimi nyumbani tuandike maelezo yake, kisha mkatieni tiketi.