Jibu: Windows inadai leseni baada ya kurejeshwa

Ndugu yangu, umesema fundi wa hapo Wete amekurejeshea Windows kwa fleshi, na sasa laptopu inadai leseni na kuonesha namba ya kosa 0xC004F212. Namba hiyo inasema wazi kuwa toleo aliloweka silo lenye leseni. Mafundi wengi wanapenda kutia Pro (toleo la Windows la kazini) kila mashine, hata iliyotoka kiwandani na Home (toleo la nyumbani).

Laptopu iliyotoka na Windows 8 au ya baadaye kwa kawaida ufunguo wake wa leseni umo ndani ya ubao mama, kwa hiyo kufuta diski hakuufuti. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri), andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba 25, leseni unayo. Hamisha mafaili yako kwanza, kisha mwambie akuwekee Home upya. Ukiunganisha bando itajiamilisha yenyewe, yaani leseni itakubaliwa. Tazama na tarehe pia. Betri ya saa ikifa, tarehe ya mashine hurudi nyuma miaka na seva ya Microsoft huikataa.

Isipotokea kitu, na umesema ni mtumba wa Dubai, huenda ilikuwa ya ofisi. Leseni nyingi za makampuni hutaka kuonana na seva ya kampuni ndani ya kila siku 180, na hiyo wewe huna. Hapo ni kununua tu. Zile programu za kuamilisha bure zinazopitishwa kwenye fleshi usiziguse, utaingiza virusi bure.

Ukimaliza, andika slmgr /xpr humo humo kwenye PowerShell uone kama imeamilishwa daima.